Albamu ya Shilingi Mbili

Bando la shilingi 19 hukupa GB 1 ya kutumia ndani ya saa moja. Albamu ya dakika 45, ukiipakua kwa ubora wa kilobiti 320 kwa sekunde, hula kama MB 108. Gawanya: mtandao wa hapa kwetu Mikinduri ukiamka vizuri, bando hilo moja linabeba albamu tisa. Ni shilingi mbili na senti kidogo kwa kila moja, na kwa pesa hiyo hupati hata nusu andazi.

Kwa hiyo anayesema kuhakiki metali, jazi na muziki wa majaribio ni anasa ya watu wa Nairobi hajapiga hesabu. Au amepiga ile isiyo yenyewe, kwa maana gharama imejificha kwingine.

Chukua albamu ya Duma, iliyotolewa mwaka 2020 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Ni Wakenya wawili, Martin Khanja na Sam Karugu: mmoja anapiga ukelele kama aliyekanyaga kaa la moto, mwingine anamwaga gitaa na midundo ya mashine isiyopumua. Mara ya kwanza unasikia fujo tu. Mara ya pili sauti inaanza kujitenga na mashine. Mara ya tatu unagundua fujo ina mpangilio, na hapo ndipo una haki ya kuandika neno. Albamu ya dakika 45 mara tatu ni saa mbili na robo. Weka saa mbili za kuandika na kufuta. Albamu nane kwa mwezi zinakula saa 34, yaani siku nne na zaidi za kazi. Tukikadiria kibarua cha shamba kuwa shilingi 500 kwa siku, kila albamu imekugharimu kama shilingi 266 za jasho, dhidi ya zile mbili za bando. Ada ya kusikiliza bila matangazo, iliyoanza kwa shilingi 299 kwa mwezi Spotify ilipofika Kenya Februari 2021, kwa bei hiyo ya mwanzo ingeongeza kama 37. Muda ndio unaotafuna.

Na muda wenyewe hautoshi. Kampuni ya takwimu ya Luminate ilihesabu mwanzoni mwa mwaka 2023 kwamba nyimbo kama 120,000 zilikuwa zikipandishwa mitandaoni kila siku. Kwa wastani wa dakika tatu kila wimbo, zao la siku moja lingekukalisha saa 6,000, yaani siku 250 bila kulala. Ndiyo maana mhakiki si mtu wa kusikia kila kitu. Ni mchambuzi wa majani, kama yule anayekaa chini ya mti akitenga miraa mbichi na iliyokauka. Hata saa yetu inafanana na yake: tangu Julai 2015 albamu mpya hutoka duniani kote siku ya Ijumaa, na kufikia Jumatatu watu wanaulizia nyingine. Miraa nayo hupoteza nguvu baada ya siku mbili. Tofauti ni kwamba albamu nzuri ya majaribio huanza kukolea wiki ile miraa ingekuwa imeshatupwa.

Upande wa mwanamuziki ndiko hesabu inakouma zaidi. Spotify huhesabu wimbo umesikilizwa ukishapita sekunde 30, na makadirio ya kawaida ya malipo ni kati ya dola 0.003 na 0.005, tuseme nusu shilingi yetu. Wimbo wa dakika mbili na wimbo wa dakika ishirini hulipwa sawa. *Bitches Brew* ya Miles Davis, ya mwaka 1970, ina nyimbo sita katika dakika 94: kuisikiliza yote kunaleta shilingi tatu. Albamu ya pop yenye nyimbo ishirini fupi inaleta kumi kwa chini ya nusu ya muda huo. Tangu mwaka 2024 wimbo usiofikisha mara 1,000 kwa mwaka haulipwi kabisa. Wanaoumia ni hao hao wa roki ya progresivu na wa kelele, wenye wimbo mrefu na wasikilizaji wachache.

Sasa linganisha na kuuza. Albamu ya dola 7 kwenye duka la mtandaoni la Bandcamp, ikishakatwa asilimia 15, inabakiza dola 5.95, kama shilingi 768, kabla ya ada za kutuma pesa. Ni sawa na wimbo kusikilizwa mara 1,500 hivi. Kwa albamu ya nyimbo sita zenye urefu wa ile ya Davis, shabiki mmoja angelazimika kuirudia mara 250, siku 16 usiku na mchana, ili amfae msanii kama aliyenunua mara moja.

Mwanamuziki Joseph Kamaru, aliyezaliwa 1939 na kufariki 2018, aliuza santuri za Kikuyu ambazo kila upande ulibeba dakika chache tu. Mjukuu wake na wajina wake, KMRU, alitoa albamu ya *Peel* mwaka 2020 kwa lebo ya Editions Mego: sauti zinazotambaa polepole, zisizo na kiitikio cha kukushika mkono. Babu alilipwa santuri ilipotoka dukani. Mjukuu, kwenye simu yangu, amepata nusu shilingi sekunde ya 31, kabla wimbo haujaanza kubadilika.