Petroli Imekwama Wapi?

Peugeot 504 ilianza kuuzwa Ufaransa mwaka 1968. Iliposhinda mbio za Safari Rally mwaka 1975, na tena 1978, sifa zake zilienea Afrika Mashariki nzima, na hadi leo yapo magari hayo yanayotembea. Lakini uzee hauna huruma. Siku moja mwenye gari anapiga stata, injini inazunguka vizuri, na haishiki. Wanaosimama karibu wanatoa hukumu papo hapo: pampu imekufa. Pampu mpya inanunuliwa, inafungwa, na gari linabaki pale pale. Pesa imekwenda na ugonjwa haujaguswa.

Katika gari la kabureta, petroli ina njia moja tu: inatoka kwenye tenki, inapita bomba la chini ya gari, inachujwa, inavutwa na pampu, kisha inaingia kwenye kabureta. Fundi makini huifuata njia hiyo hatua kwa hatua mpaka apaone ilipoishia.

Kwanza anachomoa plagi moja baada ya kupiga stata mara kadhaa. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika, na kosa likatafutwe kwenye cheche, au choki imevutwa kupita kiasi. Ikiwa kavu, mafuta hayafiki. Hapo geji isiaminiwe, kwa kuwa boya lake ndani ya tenki hukwama na kuonyesha mafuta yasiyokuwepo. Kumimina lita mbili tatu kunamaliza ubishi huo.

Hatua ya pili ni kufungua mfuniko wa chujio la hewa na, injini ikiwa imezimwa, kuchungulia koo la kabureta huku waya wa mafuta ukivutwa kwa mkono. Mchirizi mwembamba wa petroli unatakiwa kuruka ndani. Ukiruka, bakuli la kabureta lina mafuta. Usiporuka, huenda ni kavu.

Kisha mpira unaoingia kwenye kabureta unachomolewa na kuelekezwa kwenye chombo, waya wa koili ukiwa umetolewa ili pasiwe na cheche. Stata ikipigwa, petroli inatakiwa kutoka kwa misukumo, pu, pu, pu. Ikitoka kwa nguvu, pampu ni nzima. Huenda sindano ya boya ndani ya kabureta ndiyo imeganda.

Isipotoka, bado ni mapema kuihukumu pampu. Fundi anafunga mpira mfupi safi kutoka pampu hadi kwenye kidumu cha petroli. Pampu ikivuta kutoka humo, kosa liko nyuma yake: filta imejaa kutu ya tenki, au mpira wa zamani umepasuka. Ufa wa upande huu huwapotosha wengi, kwa sababu hauvujishi hata tone. Pampu inavuta, kwa hiyo ufa unaingiza hewa badala ya kutoa mafuta. Mfuniko wa tenki nao hukaguliwa. Kitundu chake cha hewa kikiziba, gari huwaka, hutembea kidogo, kisha huzima. Ukifunguliwa, hewa huingia kwa mlio.

Pampu ikishindwa hata na kidumu, stiki ya oili itoe ushahidi. Ndani ya pampu kuna utando wa mpira, na ukichanika petroli hushukia kwenye oili. Oili iliyopanda juu ya alama, nyepesi, yenye harufu ya petroli, ni dalili kubwa. Injini hiyo isipigwe stata tena mpaka pampu na oili vibadilishwe.

Magari ya injekta, yaliyoenea miaka ya 1990, yana utaratibu mwingine. Pampu yao ni ya umeme, mara nyingi imo ndani ya tenki, na mengi yao yanaifanya ivume kwa sekunde chache ufunguo unapowashwa. Pakiwa kimya, fyuzi na rilei vikaguliwe kwanza. Bomba lake lisichomolewe ovyo: shinikizo humo ni kubwa mara nyingi kuliko la kabureta, na petroli hufyatuka.

Kazi hii yote ifanyike mahali wazi, mbali na moto na sigara, maana mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutambaa chini. Kumimina petroli kwenye koo la kabureta huku mwingine akipiga stata kumeshaunguza wengi. Tabia nyingine inayofaa kukomeshwa gereji ni kijana anayejifunza kazi kuambiwa avute petroli kwa mdomo. Kiasi kidogo tu kikiingia mapafuni kinaweza kumlaza hospitali. Pampu ya mkono inafanya kazi hiyo hiyo kwa bei ndogo. Aliyemeza asitapishwe, kwa kuwa akitapika petroli inaweza kuingia mapafuni. Apelekwe hospitali mara moja, hata kama kwa wakati huo anakohoa kidogo tu.