Simu katika Visiwa vya Wabajuni

Askari aliye lindoni mbali na kwao hutamani mambo mawili: mshahara wake ufike nyumbani, na habari za nyumbani zimfikie yeye. Kwa kijana aliyezaliwa Koyama, Ngumi, Chovai au Chula, yote mawili siku hizi hupitia simu ya mkononi. Na simu hiyo ndiyo inayokatika.

Hali hiyo ina historia. Kabla ya 1991 simu ilikuwa mali ya serikali, nayo ilihudumia miji. Mtu wa visiwani alituma salamu zake kwa nahodha. Serikali ilipoanguka mwaka ule, mitambo iliporwa na nyaya zikang'olewa, na Wabajuni wengi wakakimbilia Kenya. Pengo likajazwa na makampuni ya watu binafsi. Hormuud lilianzishwa mwaka 2002, na tangu 2011 hupitisha fedha kwa huduma ya EVC Plus, ambayo haidai intaneti. Simu ndogo ya vibonye yatosha, mradi mawimbi yapo. Lakini Sheria ya Mawasiliano ilitiwa saini Oktoba 2017 tu. Kwa zaidi ya miaka 25, basi, minara ilijengwa palipo na faida, si palipo na haja. Kisiwa chenye nyumba chache za wavuvi hakimvutii mfanyabiashara, na hakuna la kushangaza hapo.

Kuna pia kizuizi cha maumbile. Mawimbi ya simu husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, na dunia ina mviringo. Mnara wa mita 50 uliosimama ufukweni hufikisha mawimbi yake kwenye upeo wa bahari kiasi cha kilomita 29. Simu iliyo mkononi mwa mtu aliyesimama ufukweni huongeza kama 5 tu. Koyama ipo zaidi ya kilomita 30 kutoka Kismayu, na visiwa vingine viko mbali zaidi kusini.

Tena, katika mitambo ya simu za kizamani, kila simu hupewa zamu ya kujibu, kama walinzi wanavyopokezana lindo, isipokuwa zamu hiyo ni fupi kuliko kupepesa jicho. Jibu linalotoka mbali kupita kilomita 35 huchelewa na kuangukia zamu ya mwingine, hivyo mnara hulikataa. Ndiyo sababu mtu huweza kuona alama ya mawimbi kwenye simu yake na asipate kuzungumza. Bahari nayo huyarudisha mawimbi kama kioo, na maji yakijaa au kupwa, mawimbi yaliyorudishwa huyasaidia yale yaliyonyooka au huyafuta. Mahali palipokuwa pazuri asubuhi huwa pabovu alasiri, bila mtu yeyote kuchezea mtambo.

Dawa ni mnara kisiwani penyewe. Lakini mnara hula umeme. Ukitegemea jenereta, dizeli lazima ivushwe kwa mashua, na wakati wa kusi mashua hukaa siku nyingi bandarini. Umeme wa jua wafaa zaidi, ingawa chumvi hutafuna vyuma na nyaya, na betri zahitaji fundi anayekuja kwa ratiba, si anayeitwa baada ya kuharibika.

Suala la usalama ni lenu hasa, ndugu askari. Januari 2014 Al-Shabaab waliyaamuru makampuni yakate intaneti ya simu, yakipewa siku 15. Na huko Kenya, katika Lamu na Garissa, minara imelipuliwa. Anayeubomoa mnara, awe mwasi au awe mwenye sare, humnyang'anya mjamzito wa kisiwani njia ya kuita mashua, na humnyang'anya polisi taarifa ya chombo kigeni kilichotia nanga usiku. Hakuna faida ya kivita inayolingana na hasara hiyo.

Kwa sasa familia iliyo ukingoni mwa masafa yaweza kusimamisha antena ya nje juu ya mlingoti wa mita 10, ikielekezwa kwenye mnara. Hapo zile kilomita 5 za simu ya mkononi huwa kama 13. Tangu Aprili 2025 Starlink pia ina leseni ya kutoa huduma nchini kwa setilaiti. Gharama yake ni nzito kwa mvuvi mmoja, ila chombo kimoja cha zahanati au cha kituo cha polisi chaweza kutumiwa na kisiwa kizima.

Simu ya upepo isitupwe. Redio za masafa marefu, ambazo mawimbi yake hurudishwa na tabaka za juu za anga, hazijali mviringo wa dunia wala minara. Kituo cha pwani chenye redio hiyo na daftari chaweza kuandika jina la nahodha, idadi ya abiria na saa ya kuondoka kabla nanga haijang'olewa, na chombo kikichelewa, kikaarifu Kismayu usiku ule ule.