Mpunga na Nduguye wa Porini

Wasomaji watokao mbali na Kintinku huenda wakashangaa kusikia kwamba katika majaruba ya huku mpunga una adui aliye kama pacha wake. Adui huyo ni mpunga pori. Elimu ya mimea huiweka yote miwili katika jenasi moja, Oryza. Ule tulao wali wake ni Oryza sativa, uliotoka Asia. Wa pili ni Oryza longistaminata, mwenyeji wa Afrika hii hii.

Kabla ya kuchanua, ni vigumu mno kuitenganisha kwa macho. Mimi huchimba kidogo shinani. Mpunga wa kupandwa una mizizi membamba kama nyuzi, basi. Mpunga pori una shina lenye pingili litambaalo chini ya udongo na kuchipusha miche mingine kando. Hapo ndipo jembe linapotuponza: ukilikatakata shina hilo, vipande vyake huota tena, nawe umeyazidisha magugu uliyokuja kuyapalilia. Yafaa ling'olewe lote, likaanikwe nje ya jaruba mpaka likauke kabisa.

Masuke yakitoka, hata mtoto atatambua. Mpunga pori una ndevu ndefu, na punje zake hupukutika zenyewe zikikomaa, zikajipanda matopeni. (Anayengoja kuuvuna atangoja sana!) Mpunga wetu hushikilia punje zake mpaka upigwe, maana wakulima wa kale waliichagua sifa hiyo kwa maelfu ya miaka.

Je, tuuteketeze usibaki hata mmoja? Shambani, naam; kwetu gunia likipotea kwa magugu, nauli yangu ya kurudi bwenini imepotea nalo. Lakini ule ulioko mabwawani, mbali na mashamba, naona uachwe. Jeni iitwayo Xa21, iukingao mpunga na ugonjwa wa bakteria unaokausha majani, ilitoka katika mpunga pori wa Mali, na wataalamu waliitenga mwaka 1995. Huko China nako waliichanganya spishi hizi mbili wakapata mpunga uitwao PR23, uliotolewa kwa wakulima mwaka 2018. Ukishavunwa, huchipua tena kutoka shinani; umewahi kuvunwa mara 8 katika miaka 4 bila kupandwa upya.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne