Kwa nini waendesha boda boda wapate mafunzo kuhusu usafirishaji haramu wa binadamu

Fikiria uko steji, saa kumi na moja alfajiri. Mtu anakupigia simu: kuna msichana wa kupeleka mpaka barabara ya lami, akapande taksi ya kwenda Kampala. Nauli anatuma yeye kwa simu, tena mara mbili ya kawaida. Msichana anaonekana ana miaka kama 15. Anasema anakwenda kufanya kazi za nyumbani, lakini hajui ni kwa nani. Kadi yake ya ukimbizi anayo yule aliyepiga simu. Utafanya nini?

Waendesha boda boda wengi katika makazi ya wakimbizi nchini Uganda hawajawahi kufundishwa jibu la swali hili. Tunaona mafunzo hayo yangepaswa kuwa sharti kwa kila anayesajiliwa steji, na kwa madereva wanaopata abiria kupitia programu za simu mijini.

Sheria inasema nini?

Sheria ya Uganda ya 2009 ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu haimhusu tu anayeandaa safari. Inamgusa anayetafuta watu, anayewasafirisha, anayewaficha na anayewapokea, ikiwa lengo ni kuwanyonya: kwa kazi ya kulazimishwa, ukahaba au utumwa. Kwa mtu mzima, lazima kuwe na nguvu, vitisho, udanganyifu au kutumia vibaya shida zake. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 18, kukubali kwake hakubadilishi kitu.

Kwa hiyo dereva anayejua na bado akabeba anaweza kushtakiwa. Asiyejua anaweza kujikuta akihojiwa polisi kwa sababu ya safari moja. Mafunzo yanamlinda abiria, na yanamlinda dereva pia.

Nchi nyingine zimeanza. Nchini Marekani, majimbo kama Ohio na Arkansas yanawataka wanaojifunza kuendesha malori wapate mafunzo haya kabla ya leseni. Na tangu 2018, dereva wa gari la biashara anayelitumia kwa uhalifu huu anaweza kupoteza leseni hiyo maisha yake yote.

Dalili za kuangalia

Dalili moja peke yake haithibitishi kitu. Zikiwa kadhaa pamoja, kuwa makini:
- Abiria hajui anakokwenda wala atakayempokea.
- Mtu mwingine ameshika kadi yake au simu yake.
- Mtu mwingine anajibu maswali yote kwa niaba yake.
- Mtoto anasafiri na mtu asiyemjua vizuri.
- Ameahidiwa kazi nzuri mjini au nchi za Ghuba, bila mkataba, na ameambiwa asimwambie mtu.
- Unaombwa kupita njia za panya ili kukwepa polisi.

Mafunzo mabaya yanaweza kuumiza

Wakimbizi wengine wana hofu, na hofu yao ina msingi. Dereva aliyefundishwa nusu anaweza kuanza kumshuku kila msichana anayesafiri peke yake, au kudai pesa ili "asiripoti". Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inampa mkimbizi haki ya kutembea nchini Uganda, ingawa anaweza kuwekewa masharti. Mama anayekwenda hospitali Mbarara bila mume wake si kesi. Kijana anayekwenda Kampala kutafuta kazi si kesi.

Ndiyo maana mafunzo yafundishe mambo mawili kwa pamoja: namna ya kutambua hatari, na namna ya kumwacha mtu asafiri kwa amani. Yatolewe kwa lugha ambazo madereva wanazungumza, bila malipo, na yasimpotezee dereva siku nzima ya kazi. Wenyeji na wakimbizi wakae darasa moja, kwa sababu wanagombea abiria wale wale na wanatumia barabara ile ile.

Ukiwa na shaka, fanya hivi

- Zungumza na abiria kwa upole: "Unakwenda kwa nani? Nyumbani wanajua?"
- Usigombane na anayemsafirisha. Inaweza kuwa hatari kwenu wote.
- Kumbuka mahali, saa, namba ya gari na namba ya simu iliyotuma nauli.
- Piga polisi 999 au 112. Kwa mtoto, piga 116. Wakimbizi wanaweza pia kupiga bure 0800 323232.
- Mwambie mwenyekiti wa steji au kiongozi wa RWC unayemwamini.
- Usisambaze picha ya abiria kwenye WhatsApp. Unaweza kumweka hatarini zaidi.

Msichana wa alfajiri ile atapita mbele ya watu wachache kabla ya kufika Kampala. Wewe ndiye wa kwanza, na pengine ndiye wa mwisho anayezungumza lugha yake.