Kutawala Unyevu Katika Makabati Makubwa ya Biri

Mwezi wa Februari 1962 Rais John F. Kennedy wa Marekani alitia sahihi amri ya kupiga marufuku biashara na Cuba. Pierre Salinger, aliyekuwa msemaji wake, alisimulia miaka mingi baadaye kwamba kabla ya amri hiyo kutiwa sahihi rais alimwagiza amtafutie biri 1,000 za Cuba, naye akarejea asubuhi na 1,200. Biri ni ile sigara nene ya majani matupu ya tumbaku, ambayo hata nje yake hufungwa kwa jani wala si kwa karatasi. Wanasiasa wamesema mengi juu ya kisa hicho. Mwanafizikia ana swali moja tu: biri 1,200 ambazo hazitapatikana nyingine zitahifadhiwaje zisiharibike?

Ubaya wa tumbaku kwa afya umekwisha kuthibitishwa, na maelezo yafuatayo hayakusudii kumvuta kijana yeyote katika uvutaji. Hata hivyo jani la tumbaku ni mwalimu mwema wa elimu ya unyevu, kwa sababu kosa la mtunzaji huonekana juu yake upesi na wazi. Likikauka hupasuka na kusagika vidoleni, na mafuta yake yenye harufu huondoka yasirudi tena. Likilowa huota kuvu. Na joto likizidi, mayai ya mdudu mdogo wa kahawia aitwaye Lasioderma serricorne, ambaye urefu wake ni milimita 2 au 3 tu, huanguliwa, na funza wake hutoboa biri kama bisibisi. Kwa hiyo wafanya biashara wa biri walijiwekea kanuni ya zamani: joto la nyuzi 70 za Farenhaiti, ambazo ni nyuzi 21 za Sentigredi, na unyevu wa asilimia 70.

Asilimia 70 ya nini? Hapa ndipo wanafunzi wengi hukwama. Hewa haina kiasi kimoja cha mvuke inachoweza kuchukua. Kiasi hicho hutegemea joto. Katika nyuzi 20 za Sentigredi, mita moja ya ujazo wa hewa huweza kubeba mvuke gramu 17.3 na si zaidi. Katika nyuzi 30 huweza kubeba gramu 30.4, na katika nyuzi 5 gramu 6.8 tu. Unyevu nisbi ni ulinganisho wa mvuke uliomo na mvuke ambao ungeweza kuwamo katika joto lile lile. Hewa ya nyuzi 20 yenye mvuke gramu 12.1 kwa mita ya ujazo ina unyevu nisbi wa asilimia 70. Hewa hiyo hiyo, pasipo kuongezwa wala kupunguzwa hata tone, ikipashwa moto hadi nyuzi 24 huwa na asilimia 56, na ikipozwa hadi kiasi cha nyuzi 14 huanza kutoa umande.

Sasa na lichukuliwe kabati lenye ujazo wa mita moja, ambalo ndani yake mna biri 1,000 za gramu 10 kila moja. Hewa yake yote ina maji gramu 12, yaani chini ya kijiko kimoja cha mezani. Je, majani yana maji kiasi gani? Tumbaku iliyotulia katika unyevu huo huwa na maji kama sehemu 13 katika 100 za uzito wake. Kilo 10 za biri zina basi maji kilo 1.3, ambayo ni zaidi ya mara mia moja ya maji yaliyomo hewani. Jambo hili hugeuza fikra za watu wengi juu ya kabati. Mtunzaji hudhani kwamba hewa ndiyo inayotawala majani, kumbe majani ndiyo yanayotawala hewa. Mlango ukifunguliwa kidogo na hewa yote ikatoka, biri zitaitia unyevu hewa mpya baada ya muda mfupi, na uzito wao hautapungua kwa kiasi cha kuonekana. Wasiwasi wa kufungua mlango hauna msingi. Kinachofaa kuogopwa ni upenyo mdogo unaovuja mchana na usiku kwa miezi.

Mbao nazo hunywa. Rafu za makabati haya kwa desturi hutengenezwa kwa mbao za mti wa Amerika uitwao Cedrela odorata, ambao wauzaji huuita mwerezi ingawa si mwerezi hata kidogo. Ni wa ukoo mmoja na mkangazi. Mbao zilizokaa katika chumba chenye unyevu wa asilimia 40 zina maji kama asilimia 8 ya uzito wao mkavu. Zikiwekwa katika asilimia 70 zitakunywa mpaka zifikie asilimia 13. Kabati lenye mbao za kilo 20 litadai maji ya lita nzima kabla ya kutulia, na ikiwa maji hayo hayatatoka kwenye chombo maalumu, yatatoka kwenye biri. Ndiyo maana kabati jipya huachwa likiwa tupu kwa wiki kadhaa huku likinyweshwa polepole.

Dawa ya kwanza inayomjia mtu kichwani ni kuweka bakuli la maji chini ya kabati. Katika kisanduku kidogo kosa hilo huweza kusameheka. Katika kabati kubwa halisameheki. Maji matupu hayajui kukoma. Yataendelea kutoa mvuke mpaka hewa iliyo jirani ishibe kabisa, maana shabaha ya maji matupu ni asilimia 100. Rafu za chini, zilizo karibu na bakuli, zitaota kuvu wakati rafu za juu bado ni kavu.

Lakini hata bakuli likiondolewa, tatizo kubwa zaidi la kabati kubwa hubaki palepale, nalo si maji bali ni joto. Hewa yenye joto hupanda juu. Kabati lenye kimo cha mita 2, likiwa limeegemea ukuta upigwao na jua au likiwa na taa ndani yake, huweza kuwa na nyuzi 22 juu, 20 katikati na 18 chini. Mvuke husambaa mpaka kani yake iwe sawa kila mahali, lakini uwezo wa hewa wa kuubeba haulingani. Ikiwa katikati kuna unyevu nisbi wa asilimia 70, juu kutakuwa na asilimia 62 na chini asilimia 79, ingawa hakuna aliyeongeza maji popote. Biri za juu zitatoa maji yao, mvuke utashuka, na biri za chini zitayanywa. Maji huhama hivyo kimyakimya kutoka penye joto kwenda penye baridi, siku baada ya siku. Mwenye kabati huona kipimo chake cha katikati kinasema 70, akalala usingizi, na baada ya miezi michache akakuta biri zilizopasuka juu na zenye kuvu chini, katika kabati moja, chini ya kipimo kilichosema kweli wakati wote.

Tiba yake si kuongeza maji juu. Tiba ni kusawazisha joto: kulitenga kabati na ukuta na dirisha, kuitoa taa nje, na kuweka feni ndogo inayochanganya hewa ya juu na ya chini kwa dakika chache kila saa, bila ya kuzipulizia biri moja kwa moja. Tofauti ya nyuzi 4 ikipunguzwa hadi nusu nyuzi, tofauti ya unyevu kati ya juu na chini hushuka hadi asilimia 2 hivi, ambayo jani halitaijali.

Chombo cha kutoa unyevu ndicho kifuatacho, na hapa kemia huja kuisaidia fizikia. Chumvi ya kawaida ikitiwa katika maji mpaka yasiweze kuyeyusha zaidi, na chumvi nyingine ikabaki chini, chembe za maji huzuiwa zisitoroke kwa urahisi. Hewa iliyofungiwa juu ya maji hayo hutulia katika asilimia 75, iwe nyuzi 20 au nyuzi 30. Ikipungua chini ya hapo, maji ya chumvi hutoa mvuke, ikizidi, huunywa. Kloridi ya magnesi hufanya vivyo hivyo katika asilimia 33, na kloridi ya potasi katika asilimia 85. Kwa kuwa 75 ni nyingi kidogo kwa biri, watunzaji wengi hutumia mchanganyiko wa maji na propilini glikoli, nusu kwa nusu, ambao hukaa karibu na 70. Wengine hutumia punje za silika zilizotayarishwa kwa kiwango hicho. Maji yanayoongezwa huwa yale yaliyokenekwa, kwa sababu maji ya bomba huacha chokaa ambayo huziba matundu ya sponji.

Kiasi cha kazi ya chombo hicho hutegemea nchi. Katika Ulaya wakati wa kipupwe, hewa ya nje yenye nyuzi 0, hata ikiwa imeshiba, ina mvuke gramu 4.8 tu kwa mita ya ujazo. Ikiingizwa ndani na kupashwa moto hadi nyuzi 20 inakuwa na asilimia 28. Kabati lililoko Geneva au London hupoteza maji muda wote. Kabati la Havana, au la mji wowote wa pwani ya joto kama Dar es Salaam, lina taabu ya kinyume: hewa inayopenya ina joto na maji kupita kiasi, na ni lazima ipozwe. Lakini mashine ya kupoza ina hila yake. Bamba lake likiwa na nyuzi 5, mvuke huganda juu yake kuwa matone, na hewa inayotoka hapo ikirudishwa nyuzi 20 haina zaidi ya asilimia 39. Watu wengi wamefanya jokofu kuwa kabati la biri wakashangaa kuona zinakauka mahali penye baridi. Bamba linalofaa ni lile kubwa lisilo baridi sana, ambalo halishuki mbali chini ya nyuzi 14, kile kiwango cha umande kilichotajwa hapo juu.

Yote haya ni bure ikiwa kipimo ni kiongo. Kipimaunyevu cha kwanza cha kutegemewa kilitengenezwa na Horace-Bénédict de Saussure wa Geneva, aliyechapisha kitabu chake juu ya upimaji wa unyevu mwaka 1783. Alitumia unywele wa binadamu, ambao hurefuka kwa kiasi cha asilimia 2 na nusu hewa inapotoka katika ukavu kamili hadi kushiba. Vipimo vya siku hizi hutumia umeme, lakini hivyo navyo hupotoka. Mwalimu anaweza kuvisahihisha darasani kwa gharama ndogo. Chumvi ya mezani hutiwa katika kifuniko cha chupa, ikaongezwa matone machache ya maji mpaka iwe kama mchanga wa pwani uliolowa bila ya kuyeyuka yote. Kifuniko na kipimo hufungiwa pamoja katika mtungi wa kioo usiopitisha hewa, mahali pasipo na jua, mpaka siku ya pili. Kipimo sharti kisome 75. Kikisoma 69, basi kinapunguza 6, na kosa hilo huandikwa juu yake. Shule isiyo na kipimo hicho yaweza kutumia vipimajoto viwili, kimoja kikiwa na kitambaa kilicholowa: kikavu kikionyesha nyuzi 20 na chenye kitambaa nyuzi 16 na nusu, unyevu ni karibu asilimia 70. Na mizani ni shahidi bora kuliko vyote. Biri moja iliyotiwa alama, ikipimwa uzito kila wiki, husema ukweli wa jani lenyewe na si wa hewa tu.

Mkulima wa tumbaku wa Tabora au Urambo hahitaji kufundishwa kiini cha jambo hili. Majani yanapotoka katika bani huwa makavu hata yakivunjika yakiguswa, kwa hiyo huachwa yanywe unyevu kidogo wa hewa kabla ya kupangwa madaraja. Na yakifungwa katika robota yangali na maji mengi, huoza kabla ya kufika sokoni.

Sheria hiyo hiyo haikomei kwenye tumbaku. Mahindi yenye maji ya asilimia 15 hufanya hewa iliyo kati ya punje zake iwe na unyevu nisbi wa karibu asilimia 75, na zaidi ya hapo kuvu hupata nafasi. Mwaka 2004 katika sehemu za mashariki ya Kenya watu 317 waliugua, na 125 kati yao wakafariki, kwa kula mahindi yenye aflatoksini, sumu ya kuvu iliyoota katika nafaka iliyohifadhiwa kabla ya kukauka. Chumvi iliyosahihisha kipimo cha kabati hupima na gunia. Chupa safi na kavu ya kioo hujazwa mahindi mpaka theluthi, ikatiwa vijiko vichache vya chumvi kavu, ikafungwa, ikatikiswa kwa dakika moja na kuachwa kwa dakika 15. Chumvi ikianguka chini ikiwa kavu, mahindi yako chini ya asilimia 15. Ikigandamana kwenye kioo, imekwisha kunywa maji ya hewa iliyopita asilimia 75, na mahindi hayo yarudishwe juani.