Vikatizo Vidogo Katika Chumba cha Upasuaji

Mgonjwa akidhurika katika upasuaji, lawama humwendea kwanza daktari aliyeshika kisu, ilhali watafiti waliosimama pembeni mwa vyumba vya upasuaji wakiandika kila kilichotokea wamebaini kwamba kosa mara nyingi hutanguliwa na mambo madogo yasiyotokana naye: simu inayolia, mlango unaofunguliwa kila mara, koleo lililosahauliwa katika chumba cha kutakasia vifaa, au agizo lililosemwa kwa sauti ndogo likasikika vingine.

Matukio ya namna hii ni vikatizo vya mtiririko wa kazi, kwa maana kwamba huilazimisha timu kuacha, hata kwa sekunde chache, hatua iliyokuwa ikiitekeleza. Timu hiyo si mpasuaji na msaidizi wake tu; yumo pia mtaalamu wa usingizi, ambaye humpa mgonjwa nusukaputi na kufuatilia pumzi na mapigo ya moyo, yumo muuguzi anayekabidhi vifaa vilivyotakaswa, na yumo mwingine anayezunguka kuleta kinachopungua. Kwa hiyo akikatizwa mmoja huchelewa wengi, na mpasuaji anayerudi kwenye mshono baada ya kujibu swali hana budi kukumbuka kwanza alikuwa ameishia wapi.

Mwaka 2007 Douglas Wiegmann na wenzake nchini Marekani walichapisha uchunguzi wa operesheni 31 za moyo, wakaonyesha kwamba makosa yaliongezeka kadiri vikatizo vilivyoongezeka, na kwamba kilichohusiana zaidi na makosa hayo hakikuwa mitambo mibovu bali ushirikiano na mawasiliano duni baina ya wanatimu. Kabla yao, mwaka 2000, Marc de Leval na wenzake, waliofuatilia upasuaji wa moyo wa watoto wachanga nchini Uingereza, walikuwa wamegundua jambo la kushangaza zaidi: hitilafu kubwa zilionekana na kushughulikiwa upesi, ilhali ndogo zilipita bila kutambuliwa, zikarundikana, na wingi wake ukaenda sambamba na vifo.

Katika hospitali zenye uhaba, zikiwamo nyingi za Afrika Mashariki, mambo huwa mazito zaidi, kwa kuwa umeme ukikatika mashine ya kufyonza damu husimama mpaka jenereta iwashwe, na seti moja ya vifaa ikitegemewa na wagonjwa kadhaa, wa pili hungoja mpaka seti hiyo itoke kwenye mtambo wa kutakasa kwa mvuke. Hapo nidhamu pekee haitoshi, na ni kuwaonea wauguzi kuwadai utulivu ambao bajeti haikuugharimia.

Dawa iliyojulikana zaidi, ajabu ni kwamba, nayo ni kikatizo, ila cha makusudi. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi yenye vipengele 19, inayoisimamisha timu mara tatu: kabla ya nusukaputi, kabla ya ngozi kuchanwa, na kabla mgonjwa hajatolewa chumbani, wakati ambapo shashi na sindano huhesabiwa ili kisisahaulike kitu mwilini. Orodha hiyo ilijaribiwa katika miji minane, Ifakara ya Tanzania ikiwa mmojawapo, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8.

Hata hivyo, utafiti wa mwaka 2014 katika hospitali 101 za jimbo la Ontario, Kanada, haukuona upungufu wa maana wa vifo baada ya orodha kuanza kutumika, na wachambuzi wengi waliona kwamba kujaza fomu si sawa na kusimama na kusemezana. Kipengele kinachodharauliwa upesi zaidi ni kile kinachomtaka kila aliyemo chumbani ataje jina na kazi yake, ingawa muuguzi mgeni aliyekwisha kutoa sauti yake mara moja mbele ya bingwa huona wepesi wa kuitoa tena, pale anapoona mguu unaopakwa dawa sio uliokusudiwa.