Mama Mkristu na Utungu wa Kuzaa



Katika masomo yaliyotangulia tulieleza habari za Adamu na Eva na anguko lao. Tulipofika penye hukumu ile ya kwamba Eva atazaa watoto kwa uchungu, tulijua kwamba akina mama watakuwa na la kuuliza. Nao huuliza kweli: je, mama akitafuta njia ya kupunguza uchungu huo, anashindana na Mungu? Na yule anayezaa katika kijiji kisicho na dawa yoyote ya kutuliza uchungu, afanye nini?

Swali la kwanza si jipya. Mwaka 1847 daktari James Young Simpson wa Edinburgh alianza kuwapa wazazi dawa za usingizi, wakatokea watu waliosema kwamba anapinga Maandiko Matakatifu. Miaka mia moja baadaye swali likarudi kwa sura nyingine, safari hii kwa sababu ya kuzaa bila dawa. Huko Urusi, madaktari waliofuata elimu ya Pavlov waliwafundisha wanawake wenye mimba jinsi mwili unavyofanya kazi, jinsi ya kupumua na ya kulegeza viungo, ili hofu iondoke na uchungu upungue. Mwaka 1951 Mfaransa Fernand Lamaze aliyaona mambo hayo Leningrad, akayapeleka Paris. Huko Uingereza daktari Grantly Dick-Read alikuwa ameandika tangu mwaka 1933 kwamba hofu hukaza mwili, na mwili uliokazwa huumia zaidi.

Wakristu wengine wakaingiwa na shaka, kwa kuwa elimu hii ilitoka katika nchi iliyomkana Mungu. Basi tarehe 8 Januari 1956 Baba Mtakatifu Pius XII alisema na madaktari juu ya jambo hili. Aliwaambia kwamba njia hiyo haina ubaya wowote kwa yenyewe, wala ukweli haugeuki uongo kwa sababu ya mtu aliyeutambua kwanza. Mungu alipomwadhibu Eva hakuwakataza akina mama kutumia njia za kurahisisha uzazi. Mwaka uliofuata, tarehe 24 Februari 1957, alizungumza na madaktari juu ya dawa za kuondoa maumivu, akaeleza kwamba si haramu kuzitumia kwa busara.

Tufikiri kidogo. Adamu naye alihukumiwa kula kwa jasho lake. Lakini mtazameni mvuvi wa Kiwagenya hapa Kisangani. Anasimika miti mikubwa katikati ya maporomoko, anafunga mitego yake, na nguvu ya maji yenyewe inamletea samaki. Nani amewahi kumwambia kwamba anaikimbia adhabu ya Adamu? Kama mwanamume anaruhusiwa kutumia akili apunguze jasho lake, kwa nini mwanamke pekee akatazwe?

Hata hivyo Baba Mtakatifu hakumlazimisha mtu. Mama anayetaka kumtolea Mungu uchungu wake pamoja na mateso ya Kristu anafanya vema. Mama anayetaka nafuu naye hana kosa. Asiwepo wa kumcheka mwenzake. Tumesikia habari za wakunga wanaompiga kofi mama anayelia. Huyo mkunga ndiye mwenye la kuungama, si mama.

Sasa tuje kwenye swali la pili, maana kwa wengi wetu habari ya kuchagua dawa ni hadithi ya mbali. Katika vituo vingi vya afya vya vijijini dawa ya ganzi kwa ajili ya utungu haipo.

Mama ajue kwanza kinachotendeka ndani yake. Mji wa mimba ni msuli wenye nguvu. Unajikaza, kisha unapumzika, na kila mara mlango wake unafunguka kidogo, hata ufike upana wa sentimita 10 hivi, ndipo mtoto apite. Utungu huja kama wimbi: hupanda, hufika kileleni, hushuka. Mama aliyeingiwa na hofu hukaza taya, mabega na mapaja, hushika pumzi, nguvu zake zikaisha kabla ya wakati. Kwa hiyo wimbi linapokuja apumue polepole, pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia, na viungo avilegeze. Likipita apumzike, anywe maji, ale kidogo akiweza. Si lazima alale chali. Atembee, aegemee ukuta, apige magoti, akae ubavu. Haya bibi zetu waliyajua, na Shirika la Afya Ulimwenguni liliyasisitiza katika mashauri yake ya uzazi yaliyotolewa mwaka 2018. Asisukume mpaka mlango umefunguka wote na mwili wenyewe unamhimiza.

Tena asiachwe peke yake. Awepo mama yake, au dada, au jirani anayempenda, wa kumsugua mgongo na kumpa moyo. Imethibitishwa kwamba mama mwenye msaidizi wa namna hiyo tangu mwanzo hadi mwisho huzaa upesi zaidi na huomba dawa mara chache zaidi.

Hapa hatuna budi kusema jambo zito. Katika vijiji vingi, utungu ukikawia, wazee humzunguka mama wakimtaka ataje majina ya wanaume aliozini nao, ati mtoto hatatoka asipoyataja. Wapenzi, huo ni upotovu wenye kuua. Mtoto hukawia kwa sababu amekaa vibaya, au kichwa ni kikubwa kuliko njia, au msuli umechoka. Dhambi huungamwa kwa padri, kwa hiari, na siri yake haivunjwi kamwe. Haitolewi kwa nguvu mbele ya mashemeji. Na wakati wazee wanaposubiri majina, kichwa cha mtoto kinagandamiza nyama laini za mama mpaka zinakufa. Mtoto hupotea, na mama hubaki na tundu linalovuja mkojo mchana na usiku, ugonjwa uitwao fistula. Kisha watu husema, tazama, kweli alikuwa mwenye dhambi!

Kuzaa bila dawa ya uchungu si kuzaa bila mkunga. Mama aende maternite mapema. Sindano ya oksitosini anayopewa mara mtoto akisha kuzaliwa ni ya kuzuia damu isimwagike, asiikatae. Akiwa yu nyumbani, asingojee hata kidogo damu ikitoka nyingi, akipatwa na degedege au homa, mkono au kitovu kikitangulia, utungu ukipita saa kumi na mbili, au kondo la nyuma likikawia kutoka zaidi ya nusu saa.

Nanyi akina baba, kazi yenu huanza kabla ya utungu. Wekeni fedha kando tangu mwezi wa saba. Patana mapema na mwenye toleka au pikipiki. Nanyi mkaao Lubunga, mtu akihitaji hospitali za ng'ambo ya pili ni lazima avuke mto. Basi mjue kabisa ni nani mwenye mtumbwi atakayekubali kuamshwa usiku wa manane, na mlango wake uko wapi.